Mgomba wa Bwana

Mama,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikashusha kalamu kidogo, kama vile nasubiri marahaba itoke jikoni. Ulikuwa unaitikia bila kugeuza kichwa, kisu mkononi, unamenya ndizi, halafu unauliza, "Umeamkaje, Koku?" Nimeamka vibaya, Mama. Siku hizi naamka vibaya karibu kila siku, na leo nimezidi.

Nimekaa kwenye benchi la nyuma ya jiko, daftari magotini, chai imepoa pembeni. Mbele yangu jembe, sururu na panga vimeegemea ukuta. Nilivitoa stoo mwenyewe kulipokucha, na tangu nivitoe sijavigusa. Nimefagia uwanja. Nimefagia tena. Nimewamwagia kuku mahindi wakati walikuwa wameshakula. Kila ninachoshika nakiacha katikati, mwisho nikaona bora nikuandikie, maana ninayegombana naye ni wewe.

Nakwambia moja kwa moja: mgomba wa Bwana unaumwa. Ni ule mnyauko. Bwana shamba amesema ung'olewe wote, na machipukizi yake, shina la chini lifukuliwe mpaka liishe, kisha kila kitu kifukiwe shimoni. Na wewe uliniambia nisiung'oe. Ulikuwa umeshayanyamazia mambo mengine yote, uji, dawa, wageni, lakini hilo ulilitafutia pumzi ukalisema. "Koku, mgomba wa Bwana usiung'oe." Nikasema ndiyo, Mama. Nilikuwa nakuosha miguu wakati ule, ningesema ndiyo kwa lolote.

Sasa hiyo "ndiyo" yangu niifanyeje?

Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, labda nitatulia. Uliondoka senene zikiwa ndiyo zimeanza kuruka. Majirani walituletea sahani kwa sahani, zimekaangwa vizuri, na mimi ambaye ulikuwa unanificha nisizimalize, sikuweza kumeza hata moja. Deus alikaa mpaka matanga yakaisha, akarudi Geita kazini kwake. Anapiga simu Jumapili. Nilipomwambia habari za mgomba akasema, "Dada, wewe ndiye uko huko. Utakaloamua mimi nimeafiki." Unamjua mwanao, ana adabu sana pale ambapo kazi ngumu ni ya mtu mwingine.

Cherehani nimeihamisha kutoka Nkwenda. Kile chumba cha sokoni nimekirudisha kwa mwenyewe, sasa nashonea barazani kwako. Wateja wanaonipenda wananifuata huku Bugomora kwa bodaboda, wanafika wamejaa vumbi, wananilaumu mimi kama vile barabara niliitengeneza mwenyewe. Kaburi lako udongo umeshuka vizuri. Nimepanda yale maua mekundu uliyokuwa unayaiba kwenye uzio wa shule.

Na watu bado wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Walianza pale pale msibani, mmoja akitoka mwingine anaingia, wote na maneno yale yale, vikombe vya chai mkononi. Walikuwa na nia njema, najua. Lakini ilifika mahali nikiyasikia nasaga meno. Mapenzi ya Mungu mtu afe na tumbo limevimba vile? Nilitaka kuuliza. Sikuuliza, nikasema ahsanteni, karibuni chai nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba na wewe uliyasema. Kule hospitali Bukoba, daktari alipotuambia kuna safari moja zaidi, ya Mwanza, ulimwuliza itasaidia nini, naye akakujibu bila kukudanganya. Ukageukia ukutani. Ulikaa hivyo muda mrefu, mabega yanatikisika. Kisha ukasema, "Inatosha, Koku. Mungu ameona. Nirudishe nyumbani." Nilifunga mizigo kwa hasira, nikasahau hata kanga yako kwenye kamba. Tulipita Kihanga sijakusemesha neno. Wewe ulikuwa unatazama migomba ya watu dirishani na kuisifia, huu umetandaziwa nyasi vizuri, ule mwenyewe mvivu, na mimi nilikuwa nasema moyoni kwamba umekata tamaa na unamsingizia Mungu. Samahani, ndivyo nilivyosema. Sijui kama nimeacha kusema.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini mgomba huu unanichanganya.

Historia yake mimi naijua kwa kusimuliwa tu, na uliisimulia kila nilipokuwa mtukutu. Kabla yangu ulikuwa umezika watoto wawili. Nilipotoka mimi sikulia. Mkunga akakutazama kwa huruma, na wewe hapo hapo, kwenye mkeka, ukamwambia Mungu kwamba akiniacha utampa mgomba. Si mkungu mmoja, mgomba wenyewe, na watoto wake, na watoto wa watoto wake, siku zote. Nikalia. Baba alicheka akasema ungemwahidi mbuzi tungekuwa tumeshamaliza.

Ulipopata nguvu ukashuka kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, ukachagua shina lililozidi yote, kule chini mpakani. Tangu siku hiyo ukizaa mkungu unakatwa unakwenda kanisani, mnadani, baada ya ibada. Mzee wa kanisa anauinua juu, watu wanapandishiana bei kwa mzaha, na wewe umekaa benchi la akina mama unajifanya hujui mkungu umetoka kwa nani. Nyumbani haukuliwa kamwe. Kila mara ulikwenda kanisani. Hata mwaka ule wa jua kali tulipokula maboga mpaka nikayachukia, mkungu wa Bwana ulikuwa unaning'inia pale umenenepa. Baba aliutazama. Wewe ukamtazama Baba. Akaenda zake.

Ndiyo maana kwangu ule haukuwa mgomba kama mingine. Nilipokuwa mdogo nikipata homa nilikuwa nateremka kwa siri kuangalia kama majani yake yako sawa. Hata sasa, mtu mzima mwenye mvi, nilipoona jani la kwanza limelegea na kugeuka njano, nilijishika kifua.

Ugonjwa ulianzia kule juu, karibu na choo. Huko nilitii kila kitu, Mama, ungenisifu. Lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu nalivunja kwa mti wenye panda, sikati kwa panga. Panga nalipitisha motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Yaliyougua niliyang'oa siku ile ile, sikulialia. Halafu ukashuka. Nilipouona kwenye mgomba wa Bwana nikajiambia ni jua. Kesho yake nikajiambia ni upepo. Bwana shamba alipokuja na pikipiki yake nikamzungusha kibanja kizima, nikamwonyesha kahawa, nikamwonyesha maharage, mpaka akaniuliza mwenyewe, "Dada, na kule chini hatufiki?"

Tukafika. Akakata ndizi moja, ndani imekuwa kahawia. Akakata mgomba mmoja, ukatoa ule usaha wa njano. Nikamweleza habari zako, nadhiri, na neno uliloniachia. Ni kijana mdogo lakini amelelewa, alivua kofia akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole, dada. Nakuelewa kabisa. Ila ugonjwa huu hauulizi shamba ni la nani. Nyuki anatoka kwenye ua hili, anaingia la jirani, basi. Toa wote, usichelewe."

Nikachelewa. Nilimwita mwinjilisti wetu. Alikuja Jumatano baada ya maombi, akaweka mkono kwenye mgomba, akaomba kwa Kinyambo kama afanyavyo jambo likiwa zito, akasema, "Tumwachie Mungu." Nilijisikia mwepesi sana, nikamkaribisha kahawa ya kutafuna, nikamfungia na ya nyumbani. Wiki nzima nikawa natembea kichwa juu. Aliyeniuliza habari za mgomba nilimjibu nimemwachia Mungu. Yaani maneno yale yale yaliyokuwa yananisagisha meno msibani, yalipokuwa kinywani mwangu nikayaona matamu. Nilijiona mtiifu, Mama. Nilijiona kama wewe.

Na wiki hiyo chipukizi la pili likanyauka, na la tatu likaanza.

Jana asubuhi nilimkuta mzee Nestori amesimama mpakani. Hana mabadiliko, koti lile lile, kile kikohozi chake tu kimeongezeka. Alikuwa anautazama mgomba wetu, kisha anageuka kuitazama migomba yake. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa jibu langu la wiki nzima, kwamba nimemwachia Mungu. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ni sadaka ya mama yako, mwanangu. Mimi siwezi kukwambia kitu. Mungu akiamua kufika na kwangu, nitasema nini?"

Hakusema kwa ubaya. Ungemsikia. Aliinama akang'oa gugu moja upande wake, akaondoka. Mtu ambaye alikuja kijana kutoka Burundi na nguo aliyovaa, akalima vibanja vya watu mpaka mgongo ukapinda ndipo akapata kile kipande chembamba chini yetu. Yeye na mkewe Yasinta hawana kingine, ndizi zile ndizo chakula na ndizo ada na ndizo dawa. Na alikuwa anamaanisha. Angekaa kimya akatazama kibanja chake kinanyauka, akasema Mungu ameamua, wakati aliyeamua ni mimi, niliyekaa barazani na cherehani nikishona mashati na kujisifu kwamba namwachia Mungu.

Hapo ndipo usingizi ulipokatika.

Sasa nani namtii? Nikiung'oa, nimekuvunjia neno, na nimemnyang'anya Mungu kitu ulichompa kwa ajili yangu. Na sitakuficha, naogopa. Najua mimi ni Mkristo na mambo ya kuogopa mgomba hayanihusu. Lakini ulimpa ule ili nibaki mimi, nikiuchukua je? Nisipoung'oa, kibanja cha Nestori kinakwisha kabla ya mvua, na mimi nitakuwa nakwenda kanisani kila Jumapili na kuomba kwa sauti mapenzi yake yafanyike. Nimemwuliza Mungu. Nimemwuliza nikiwa nimepiga magoti na nikiwa nimesimama na nikiwa natunga uzi kwenye sindano. Amenyamaza, na wewe umenyamaza. Kwenu huko mmekubaliana nini?

Nimeinuka hapo nikazunguka nyumba. Nimerudi, nikasoma nilichoandika toka mwanzo, na kuna mahali nimesimama. Nimeandika kwamba mkungu ule kila mara ulikwenda kanisani. Si kweli. Kuna mara moja haukufika.

Nilikuwa darasa la tatu. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na ule mkungu ulikuwa umezidi mikungu yote niliyowahi kuona. Uliuweka kichwani juu ya ngata ya majani makavu, mimi nyuma yako nimebeba kitabu cha nyimbo na viatu vyako, maana viatu ulikuwa unavivaa tukishafika. Tukapita kwa Nestori, wakati ule bado wanaishi kwenye kile kibanda alichopewa na tajiri wake. Yasinta alikuwa amejifungua wiki hiyo, mtoto mwenyewe ndiye huyu Jenita wao. Nestori mwenyewe alikuwa amekwenda kutafuta kibarua upande wa Uganda, hajarudi.

Ulisimama ghafla nikakugonga mgongoni. Ukasema, "Hakuna moshi."

Nikakwambia Mama, tutachelewa. Ukaanza kuongea na Mungu, ile namna yako ya jikoni, unayoongea naye huku unamenya, kama mtu anayemlalamikia jirani juu ya mbuzi wake. Mkungu bado uko kichwani. Ukamwambia huu ni wako, nilikuahidi, hujawahi kunidai nikakosa. Leo ni mavuno, watu wananisubiri, watasema nimeanza kukuibia. Njia ziko ngapi za kwenda kanisani, na wewe ukanipitisha hii. Ukaendelea, ukamkumbusha na mambo mengine ya zamani ambayo sikuyaelewa, sauti ikapanda, jasho likateremka shingoni. Nilikuwa nabadilisha miguu. Kisha ukashusha pumzi ndefu ukasema, "Basi. Wewe ndiye mwenye kibanja."

Ukaingia ndani ukautua. Ukawasha moto, ukamenya, ukainjika sufuria, ukamwosha mtoto. Kanisani tulifika mahubiri yanaisha. Mnadani mzee wa kanisa akaita kwa sauti yake ile, "Mama Koku, mkungu wa Bwana leo uko wapi?" Ukasimama, gauni la kanisani lote madoa ya utomvu, ukajibu, "Nimeshatoa njiani." Watu wakacheka. Wengine wakanong'onezana. Nilitamani niingie chini ya benchi, na nyumbani nilikununia mpaka jioni. Hukunieleza kitu. Uliniambia nioshe viatu vyako.

Miaka yote hii nimeikumbuka siku ile kama siku ya aibu, ndiyo maana nilipoorodhesha sifa za mgomba niliiruka.

Na kuna jambo jingine naliona sasa. Mimi nilijifunza sentensi yako ya mwisho tu. Basi, wewe ndiye mwenye kibanja. Nilidhani kumtii Mungu ni kuisema hiyo mapema iwezekanavyo na kukunja mikono. Nilisahau ugomvi wote ulioitangulia, na nilisahau kwamba ukishaisema ulikuwa unainama na kuwasha moto. Hata kule Bukoba. Ulipogeukia ukutani mabega yako yalikuwa yanatikisika, nikadhani unalia kwa maumivu. Ulikuwa unagombana naye. Ulikuwa umegombana naye miezi yote ile, kila kidonge ulichomeza, kila sindano, kila uji uliotapika ukaomba mwingine. Mimi nilisikia "inatosha" peke yake nikakuona umeshindwa.

Na baada ya inatosha ulikuja nyumbani ukanifundisha kukuosha bila kukuumiza, ukawaaga majirani mmoja mmoja, ukamwita hata yule mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba ukamwomba msamaha. Hukukunja mikono hata siku moja.

Ngoja. Naacha hapa kwanza.

Ni jioni, Mama. Nimerudi kwenye benchi. Usishangae mwandiko, viganja vimechubuka.

Nilikwenda kwanza kwa Nestori. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Naomba uje unisaidie kung'oa." Akaniangalia kama hajasikia. Akauliza, "Una hakika?" Nikamwambia sina. Akaenda kuchukua jembe.

Tulipofika akakataa kuanza. Akasema, "Ni wa kwenu. Anza wewe." Tukawasha moto pembeni wa kupitishia zana. Nikashika panga, nikasimama, na nikaanza kuongea na Mungu kwa sauti, pale pale, Nestori anasikia. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba wewe ulimpa huu na hukumnyima hata mwaka wa maboga. Nilimwambia angeweza kuukinga, ni mgomba mmoja tu, na ana malaika wangapi wamekaa bure. Nilimwambia habari za tumbo lako. Hilo sikulipanga, lilitoka lenyewe, na nikalisema kwa hasira ambayo sikujua bado ninayo. Nestori aligeuka akajifanya anaangalia moto. Nilipomaliza nikajaribu kusema sentensi yako ya mwisho. Haikutoka, Mama. Nikakata mgomba wa kwanza bila kuisema.

Juu ni rahisi, wewe unajua. Kazi ni chini. Lile shina lilikuwa limejikita kuliko nilivyofikiri, kila tukidhani tumefika mwisho tunakuta limeingia upande mwingine. Tulichimba mpaka jua likawa kichwani. Nestori alikohoa, nikamwambia apumzike, akakataa. Harufu ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimekusudia nisilie, lakini sururu ilipolinyanyua na likatoka, jeusi, limejaa udongo, kubwa kuliko nyungu yako ya maharage, nilikaa chini nikalia kama siku ile tulipokuweka wewe. Na hapo ndipo ilipotoka. Nilisema kwa makamasi, kwa sauti ndogo, sidhani kama Nestori alisikia. Basi. Wewe ndiye mwenye kibanja.

Tukakatakata, tukafukia, tukapitisha zana motoni. Nestori alisawazisha udongo kwa mguu, kwa adabu, kama mtu anayesawazisha kaburi. Yasinta alikuwa ametupikia. Akatuletea pale pale shambani ndizi na maharage, ndizi za kwao, laini, zimewekwa samli kidogo. Nikala. Nilikula sana, Mama, mikono imejaa utomvu hata sabuni haikuutoa wote, na nikaongezwa. Yasinta hakusema kitu kuhusu mgomba. Alisema tu kwamba wewe ulikuwa unapenda zichelewe kidogo motoni.

Usidhani sasa nimetulia. Ile amani ambayo watu wanaitolea ushuhuda kanisani sijaiona. Nimejishika paji la uso mara kadhaa kuangalia kama homa imeanza. Haijaanza, nina njaa tena tu. Kibanja cha Nestori sijui kama kimepona, bwana shamba nimempigia simu, amesema tusubiri tuone, labda nilichelewa kwa wiki moja, na hilo nitalibeba. Sijui kama Mungu amependezwa au amenivumilia. Kaburi lako naliona kutoka hapa nilipokaa, na pale chini pameachwa pengo ambalo jicho linaangukia kila nikiinua kichwa.

Pale nitapanda maharage mpaka udongo usafike. Bwana shamba akiruhusu nitapanda mgomba mwingine, chipukizi safi. Sitaahidi leo kwamba utakuwa wa Bwana, kwa sababu nimejifunza leo kwamba ukimpa kitu anaweza kukutuma ukakichimbue. Nikiwa tayari nitamwambia mwenyewe, na wewe utasikia.

Ninachokuahidi ni hiki. Jumapili ijayo ni mavuno. Nitakwenda. Nitapita ile njia ya kwa Nestori, viatu mkononi, navivaa nikifika. Mnadani wataniita, unawajua, hawawezi kuacha, na kanisa zima linajua habari za mgomba wako. Nitasimama pale benchi la akina mama na mikono hii mitupu, madoa hayatakuwa yametoka, na nitawaambia nimeshatoa njiani. Wakicheka, wacheke.

Pumzika, Mama. Neno lako sikulishika. Kama una la kunijibu mwambie mwenye kibanja, mimi na yeye tumeshaanza kuzungumza.

Mwanao,
Koku